Ombi la Kumpunguzia Sifa Hirozaki

Mama Lutengano,
Iyunga, Mbeya.

Kwa: Ndugu Fanueli, Mtafsiri wa Filamu,
Duka la Kuwekea Muvi kwenye Flashi, Mbeya Mjini.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KIJANA ASIYEKOSEA KITU

Ndugu Mtafsiri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na hasa sauti yako iwe nzima, kwa kuwa ndiyo ninayokuja kuishitaki.

Wewe hunifahamu, ila mimi nakufahamu kama ndugu wa damu. Umekaa sebuleni kwangu tangu mavuno yalipokwisha. Kwa sauti yako hiyo moja wewe ndiye mfalme, wewe ndiye binti mfalme, wewe ndiye joka, na joka likishakufa wewe ndiye wanakijiji wanaoshangilia. Hata mvua ikinyesha huko kwenye filamu tunakusikia wewe ukituambia kwamba hiyo ni mvua. Kazi yako ni nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na huyo kijana unayemsemea, Hirozaki, wa ile filamu ya Upanga wa Ukungu. Binti yangu Yudith anasema nisiiite katuni, inaitwa anime. Nimemjibu kwamba kitu kilichochorwa ni katuni hata kikivaa koti.

Nianze na kilichonifikisha hapa, usije ukadhani mimi ni mama asiye na kazi ya kufanya.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Lutengano. Anaendesha mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, na sisemi kwa sababu ni wangu, lakini bonde lote lile halijapata mkoboaji kama yeye. Ukiona mchele wake umetoka na chenga nyingi, ujue amewafikiria wenye watoto wanaohitaji uji. Hapo mashineni ndipo alipokutana na Paskalina, binti wa Mzee Tadeo wa Kalenga, mkoani Iringa, aliyekuja kununua mchele wa mgahawa wa shangazi yake. Wakapendana. Mimi nami nilimpenda binti huyo siku ya kwanza alipokuja kwangu, maana alikula akamaliza, kisha akaomba ukoko. Hata lile la wao kuwa Wakatoliki na sisi Wamoravian lilizungumzwa likaisha kabla ya soda kuisha.

Tukamtuma mshenga, Mzee Ezron, mdogo wake marehemu mume wangu. Akapokelewa vizuri. Baadaye tukaenda wote Kalenga kujitambulisha, Lutengano akiwa amevaa suti, nami nikapewa nafasi ya kusema neno kama mama. Nililisema. Tukarudi Mbeya kungoja tupangiwe siku ya kurudi. Badala ya siku, Ezron akaja na neno moja kutoka kwa wakwe: binti anaomba muda wa kufikiri.

Wewe ni mtu wa lugha, utanielewa. Muda wa kufikiri, ukishapita kinywani mwa mshenga, ni mlango uliofungwa kwa adabu. Nilimuuliza Ezron sababu. Akatazama dari, akasema mshenga hubeba jibu, habebi sababu. Nami siwezi kumpigia binti wa watu simu nikamhoji, maana tukishaweka mshenga, kinywa changu huko Kalenga ni Ezron, na Ezron alipomaliza chai yake aliaga.

Basi nikachunguza mwenyewe. Yudith na Paskalina wanaonana kwenye simu kila siku, nikaomba kuona. Nikakuta Paskalina ameweka picha ya kijana mwenye upanga begani, upepo unampeperusha nywele, na maneno yanasema, "Huyu ndiye wangu." Chini yake vimepangwa vile vichwa vya njano vinavyotokwa machozi. Binti wa watu analia kwa ajili ya mtu wa kuchorwa. Yudith alitaka kunieleza jambo kuhusu vile vichwa, nikamwambia machozi ni machozi.

Ndipo nilipoagiza filamu ya kijana huyo iwekwe, nimwone huyo aliyemshinda mwanangu. Nimemtazama sehemu baada ya sehemu huku nikimenya viazi. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kwamba Hirozaki hakujifunza kitu. Tunaambiwa alikuwa karani wa duka huko Japani, akagongwa na lori, akazinduka katika nchi yenye majoka, akaokota upanga, na palepale akawa anajua. Ndugu Mtafsiri, mimi naishi Iyunga. Barabara kuu inapita mbele ya nyumba na malori ya Tunduma yanapishana kutwa. Waliogongwa tunawajua kwa majina. Hakuna hata mmoja aliyezinduka akiwa bingwa wa upanga. Huzinduka wodini wakiomba uji. Vijana wa mtaa wanatazama filamu hii, halafu wanavuka barabara hiyohiyo. Nani atajibu?

Ujuzi unataka mtu aukalie chini. Lutengano alisomea udereva kwa uvumilivu mkubwa, hata mtahini akamwomba arudie mtihani, kisha akamwomba tena, kwa jinsi alivyopenda kumwona akiendesha. Huyo ndiye mtu aliyejifunza.

2. Kwamba anasifiwa kwa mambo ya kawaida kupita kiasi. Nakukumbusha ile sehemu anapochemsha viazi. Alichemsha viazi, akatia chumvi. Basi. Binti mfalme akaonja akaangusha kijiko, mfalme akapiga magoti, wapishi wa ikulu wakavua kofia wakaomba wawe wanafunzi wake, na wewe mwenyewe sauti ikakukatika. Viazi. Sisi huku tunakula viazi tangu tulipoota meno na sijaona mtu aliyepiga magoti, labda kiazi kimemdondoka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama viazi vilikuwa vitamu, ya nini kijiji kizima kuvisemea? Tena walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wakwe zetu wa Kalenga wanaoujua ulanzi, ile pombe ya mianzi, watakueleza zaidi. Mtu asifiwe kwa kiasi na kwa jambo lenyewe. Kwa mfano, siku ile ya kujitambulisha niliwaeleza wazee wa Kalenga namna Lutengano anavyopika wali. Niliwaeleza kwa kifupi, kuanzia kuchagua mchele hadi kupakua, na nilipofika mahali pa kuungua nikawafafanulia kwamba huunguza chini kwa makusudi ili wapenda ukoko wasikose. Mzee Tadeo alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Hiyo ndiyo sifa ya haki.

3. Kwamba koti lake halichafuki. Amepita kwenye matope, amepita kwenye damu ya joka, amelala pangoni, na koti ni jeupe kama la daktari wa siku ya kwanza kazini. Nani anafua? Hatujaonyeshwa beseni. Lutengano alipotumbukia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga na suruali ya kanisani, alitoka na tope hadi kifuani, na hapo ndipo watu walipoujua urefu wa ule mfereji kwenda chini. Kabla yake hakuna aliyewahi kujitolea kuupima.

4. Kwamba wanawake wote wanampenda na yeye hana habari. Yupo binti mfalme, yupo yule askari wa kike mwenye mkuki, yupo mwenye masikio marefu, na yupo yule binti mwenye mkia wa paka, ambaye nakuomba umwambie ajifunge kanga. Wote wanasafiri naye, wanamlilia, wanagombana kwa ajili yake, na yeye anauliza mbona mmekuwa wekundu usoni. Hajamtuma mshenga kwa hata mmoja. Mabinti hawa wana wazazi. Mfalme ni mzazi. Ningekuwa mimi ningemwita pembeni nimuulize kwa heshima, kijana, hapa kwangu unaingia na kutoka kama nani?

Mwanangu yeye alifuata njia. Alipita mlangoni, akatanguliza mzee mwenye koti na fimbo, akakaa kimya pale alipotakiwa kukaa kimya. Na yeye ndiye aliyeambiwa asubiri. Inauma, Ndugu Fanueli, nasema wazi kwamba inauma. Tangu neno lile lije, Lutengano akipiga simu anaongea habari za mvua tu. Wateja wake wanasema anasimama mbele ya mashine mpunga ukiwa umekwisha, mashine inanguruma bure, na yeye hajui.

5. Hapa nilikuwa nimeandika kuhusu nywele zake. Yudith amesema nywele za watu wa huko ndivyo zilivyo. Nazisamehe.

6. Kwamba majoka anayoyaua ni rahisi. Hapa naomba ukae kitini, maana ni habari ndefu, na najua kuna maneno yanazunguka.

Joka la kwenye filamu ni kubwa kama kanisa. Linatokea mbali, linatanguliza moshi, linanguruma, linatua, halafu linajitambulisha kwa jina. Mtu yeyote mwenye akili timamu anapata nafasi ya kujiandaa. Hirozaki anapiga miayo, analikata mara moja, na watu wanasema hawajaona mwanaume kama yule tangu dunia iumbwe.

Sasa sikia la Kalenga. Nyumbani kwa Mzee Tadeo kuna ghala la mahindi la mbao, limeezekwa kwa bati. Kuna pia bata mzinga dume, shingo nyekundu, mwenye hasira za kwake binafsi. Tulipotoka nje kupiga picha, bata huyo alikuja upande wetu kwa kasi, kimyakimya, bila moshi wala kujitambulisha. Sasa, katika muda uleule, kwa bahati tu, Lutengano aligundua kwamba paa la ghala linahitaji kukaguliwa. Alipanda mara moja, akiwa na suti, bila ngazi. Mwingine angengoja kwanza ale. Yeye hapana. Bata mzinga nilimfukuza mimi kwa mkoba, kwa kuwa sikuwa na shughuli nyingine wakati ule.

Niliwaeleza wakwe jambo hilo kwa ukamilifu. Niliwaeleza habari za misumari, habari za upepo wa nyanda za juu, na jinsi jicho la mwanangu lisivyopitwa na bati lililolegea. Lutengano aliposhuka, Mzee Tadeo alimuuliza swali moja tu.

"Paa likoje, mwanangu?"

Lutengano alifungua mdomo, na mimi nikamjibia kwamba paa ni zima kabisa. Paskalina, ambaye alikuwa akicheka tangu mwanzo, nadhani kwa furaha, aliacha kucheka nilipoanza kueleza. Nilidhani ameguswa.

Na kinachonishangaza zaidi ni kwamba watu wa Kalenga wanajua shujaa ni mtu wa namna gani. Wanaye wao, mtemi aliyepigana na Wajerumani, na makumbusho yake yako hapohapo kijijini. Mzee Tadeo alitutembeza siku ileile, akatusimulia vita alivyoshinda mtemi huyo, kisha akatusimulia na siku ngome ilipovunjwa. Hakuiruka. Wala hakuitafutia sababu. Sasa binti aliyelelewa na simulizi kama hizo amepoteleaje kwa kijana ambaye hata mafua hajawahi kuugua?

7. Hili nililiweka mwisho ili hasira ipungue kwanza, lakini naona haijapungua.

Hirozaki hana mama.

Nimetazama kote, hakuna aliyemtaja. Lori lilipomgonga, hatukuonyeshwa mwanamke yeyote aliyepigiwa simu. Filamu ikaendelea, muziki ukapigwa, akapewa upanga. Hivi huyo mtu alijizaa? Nani alimfuta kamasi? Nani alikesha naye akiwa na homa? Halafu anasifiwa na nani: binti mfalme aliyekutana naye jana sokoni. Sifa za mtu si za kuokotwa na wapita njia. Zina mwenyewe.

Mimi nilibaki mjane Lutengano akiwa bado anavaa kaptula. Yapo mambo sikuwa nayo ya kumpa, na sikuyaficha. Lakini mboga ilipokosekana nilimpakulia sifa. Alirudi kutoka shuleni akiwa wa mwisho kwenye mbio, nikamwambia wenzake walitangulia kwa sababu aliwapisha. Kwenye kwaya alipewa nafasi mstari wa nyuma kabisa, nikamwambia ni ili sauti yake isiwafunike wengine. Alikua akiamini, akawa mpole, akawa mtu wa watu. Ndiyo kazi niliyoifanya duniani. Na sasa anakuja kijana aliyechorwa, asiye na mama, anasifiwa na kila mtu kwa kuchemsha viazi, na mwanangu mimi anaombwa muda wa kufikiri.

Kwa hiyo, Ndugu Mtafsiri, naomba yafuatayo.

Kwanza, Hirozaki ashindwe. Sisemi afe. Akose shabaha hata mara moja, au azidishe chumvi. Usiniambie kwamba filamu imetengenezwa Japani na huwezi kuibadili. Sisi Kijapani hatukijui. Akishinda kwenye picha, wewe sema ameshindwa, tutakuamini wewe.

Pili, akilala akorome. Sauti unayo.

Tatu, atume mshenga kwa mmoja wa wale mabinti, yeyote, hata huyo mwenye mkia, mradi wazazi wajulishwe.

Nne, kama hayo yote yatakushinda, nina ombi moja kubwa kuliko yote, na nimelifikiria sana. Tupande basi mimi na wewe twende Kalenga. Nitakufungia ndizi na kuku wa njiani. Wazee wakishakaa, wewe usimame mbele ya Paskalina na utamke, kwa sauti ya Hirozaki ileile ya kwenye filamu, kwamba umezunguka falme zote, umeua majoka yote, na umemwona Lutengano wa Iyunga na amekuzidi. Sauti hiyo binti anaiamini. Siku ikifika nawe una mafua, tutaahirisha.

Usiponijibu, sitakuwa na budi kulifikisha jambo hili mbele, ili Hirozaki aitwe kama mtu wa tatu aliyeingilia uchumba. Nimekwisha kumuuliza mwenyekiti wa mtaa kama mtu wa kuchorwa anaweza kupelekewa wito. Naye anaomba muda wa kufikiri.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie mkeo na watoto, na wale vijana wanaokuwekea flashi. Msalimie mfalme, mwambie asimame, magoti yataumia. Wasalimie wanakijiji wote wanaoshangilia. Mzee Ezron naye anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi, mama wa Lutengano, ninayesubiri jibu lako nikiwa na subira ya Kikristo na hasira kidogo,

Atuganile, Mama Lutengano.

Nyongeza:

Barua hii ilikuwa imeshafungwa kwenye bahasha, na Yudith amevaa viatu vya kuileta mjini, alipoingia Paskalina. Alikuja mwenyewe kwa basi la Iringa, bila mshenga, jambo ambalo halifanywi. Alipiga goti akanisalimia, nikamkaribisha, maana ningefanyaje. Macho yake yakaangukia bahasha, akaona jina la Hirozaki, akaomba kwa adabu kama anaweza kusoma.

Alicheka kuanzia namba moja. Kwenye viazi alicheka mpaka akashika meza. Alipofika kwa bata mzinga alijifuta macho kwa upande wa kitenge, na Yudith akaninong'oneza kwamba vile vichwa vya njano ndivyo hivyo, ni watu wanaocheka. Namba saba aliisoma kimya. Akairudia. Kisha akaikunja barua vizuri, akaniambia kwamba yeye Hirozaki hampendi hata kidogo. Humtazama na Lutengano ili wacheke pamoja. Na Hirozaki ni jina la utani alilompa mwanangu, tangu siku ile ya Kalenga, na ile picha ilikuwa ya kumtania.

Nikamuuliza kwa nini ampe mwanangu jina la mtu wa namna hiyo. Akainamisha kichwa, lakini akasema.

"Mama, siku ile alipokuwa juu ya ghala nilijua huyu ni mtu wangu. Angeshuka, tungecheka wote, yakaisha. Ulipoanza kueleza nikaogopa. Nitaishije na mtu asiyekosea? Kila kitakachoharibika humo ndani kitakuwa kosa langu."

Nilikaa. Kuna maneno yakikufikia unatafuta kiti kwanza.

Kumbe haya yote Paskalina alikwisha kumweleza Mzee Ezron, neno kwa neno, ili aniletee. Mjumbe hauawi, lakini Ezron hakutaka kujaribu.

Paskalina hajakataa kuolewa. Ametoa sharti moja. Tutakaporudi Kalenga nitapewa tena nafasi ya kusema kama mama, nami nitasema mbele ya wazee kosa moja la Lutengano. Moja tu, nisiweke "ila" mbele yake, wala nisilitafutie sababu. Nilimwambia ni jambo jepesi. Alipoondoka nikaanza mazoezi mbele ya kioo. Nikisema Lutengano huunguza wali, ulimi wenyewe unaongeza kwa makusudi. Nikisema alifeli udereva, naanza kumweleza mtahini. Yudith amekaa hapo mlangoni, kila nikikosea ananiambia nianze upya, na sijui huyu mtoto ukali huu ameutoa wapi.

Leo asubuhi nimeweza, na nakuandikia wewe kwanza ili nipate shahidi. Lutengano anaogopa bata mzinga. Hakuwa anakagua paa.

Hapa nilitaka kuongeza neno, nimeliacha.

Nilimpigia simu Ubaruku nikamwambia hilo ndilo nitakalolisema Kalenga. Nilisikia mashine nyuma yake ikizimwa, halafu akaniambia, "Ndaga, mama." Sifa zote nilizompa tangu utoto, hajawahi kunishukuru kwa sauti ile.

Kwa sababu hiyo, Ndugu Fanueli, yote niliyoandika huko juu naomba uyaache yapite. Hirozaki usimguse. Ashinde kila siku, koti lake libaki jeupe, viazi vyake viendelee kuwaliza wafalme, na akilala alale kimya. Sehemu zilizobaki mpe Yudith aje nazo kwenye flashi, maana jana alipolikata lile joka la pili nilisimama nikapiga kigelegele, nikaenda kumwambia jirani kwamba mimi nilijua tangu mwanzo. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi mwana ninaye, ila kumsifu nimekatazwa. Na huyo wako hana mama. Niachie mimi.